Majina yalipohama mistari



Wengi wenu mnanijua kwa sauti tu. Mimi ndiye ninayesoma matangazo ya kutafutana kutoka Minova: mtoto fulani wa kijiji fulani anatafutwa na mama yake, mzee fulani aliachana na wanawe kwenye njia ya Sake, atakayemwona atoe habari kwa shefu wa kijiji au kwenye redio. Mwezi wa tano wa mwaka 2025 matangazo hayo yalinyamaza siku tatu. Kuna waliosema redio imefungwa. Kuna waliosema tumenunuliwa. Mama mmoja alinikuta sokoni akaniuliza kama tumechoka na wakimbizi. Nilimjibu kwamba ni tatizo la mashine, naye akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kudanganywa.

Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli wote. Niliahidi kwamba siku moja nitaeleza. Wenzangu wa redio wamekubali, na mama ambaye habari hii inamhusu kuliko wote amekubali pia, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Basi naeleza.

Kabla ya mwaka 2025 kazi hii ilikuwa ya daftari. Kila mwandishi wa eneo alikuwa na lake, lile la wanafunzi, la mistari. Ukipita kambini Bulengo au Lushagala watu wanakuja, unaandika: jina, umri, kijiji, nani anamtafuta, anayetafuta yuko wapi, namba ya simu kama ipo. Jioni unampigia mhariri mjini Goma, unamsomea, naye anaandika katika daftari kubwa. Makosa yalikuwepo. Bahati aligeuka Baraka, miaka saba ikasikika kumi na saba kwa sababu ya mvua juu ya mabati. Lakini kosa la daftari ni kosa la mstari mmoja. Halivuki kwenda mstari wa jirani.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Goma ikachukuliwa na M23, katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo. Mwezi huohuo wa pili kambi zilizouzunguka mji wa Goma zikabomolewa, na watu waliokaa humo mwaka, miaka miwili, wengine zaidi, wakaambiwa warudi walikotoka. Sihitaji kuwasimulia. Mlikuwa barabarani nyinyi wenyewe, na godoro kichwani na sufuria mkononi. Katika msongamano ule mkono wa mtoto ukiponyoka mara moja, basi.

Nasi tukatawanyika. Mhariri wetu alivuka mpaka akaingia Burundi. Fundi mitambo alibaki Goma. Mwenzetu mmoja yuko Kirotshe, mwingine Bukavu, mwingine alipanda hadi upande wa Lubero. Mimi Minova. Na daftari kubwa lilibaki katika nyumba ambayo sasa inakaliwa na watu tusiowajua. Hilo lilitunyima usingizi wiki nyingi, kwa sababu majina yenu yalikuwa humo, na namba za simu.

Mwanzoni tulifanya kazi kwa grupu la WhatsApp kama watu wote. Grupu ni zuri kwa salamu na kwa habari ya mvua. Kwa kazi ya majina ni mto: unachotupa asubuhi, jioni kimeshateremka mbali. Mwenzetu wa Lubero anatuma sauti ya dakika nne yenye majina tisa. Mwenzetu wa Bukavu anajibu, "Huyo wa tatu tumempata." Wa tatu katika sauti ipi? Kati ya swali na jibu kuna picha za arusi, sala ya asubuhi na onyo la mtu kuhusu bei ya mafuta. Siku nyingine tulitangaza kwa mara ya nne mtoto ambaye alikuwa amekwisha kurudi kwao siku kumi. Jirani wa familia hiyo alinipigia simu akicheka, lakini mimi sikucheka.

Ni fundi mitambo aliyeleta wazo. Alisema tuache kutumiana orodha, tuwe na orodha moja inayokaa mahali pamoja, na sisi ndio tuiendee. Jedwali, sisi huku tunaita tablo, ambalo linakaa kwenye intaneti. Kila mmoja analifungua kwa simu au kwa mashine, yaani kompyuta, na wote tunaona kitu kilekile. Nikiandika jina Minova, mhariri analiona likitokea herufi kwa herufi mbele yake kule Burundi. Jina la programu tunayotumia naliacha. Ni kwa usalama, na pia zote za namna hii zinafanana kama ndizi za mkungu mmoja.

Kwa wenzetu wanaofanya kazi kwenye ofisi zenye umeme, hii ni habari ya kale. Google ilifungua jedwali lake la mtandaoni mwaka 2006, na Microsoft ikaifuata na Excel ya mtandaoni mwaka 2010. WhatsApp yenyewe tunayoiona kuwa ya simu ilianza kufunguka kwenye mashine mwaka 2015. Lakini kitu ni kipya siku kinapokufikia. Kwangu mimi lile jedwali lilikuwa jipya mwezi wa tatu wa mwaka 2025, saa mbili usiku, nikiwa nimesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee ambapo simu yangu inakamata mtandao.

Tuligawana rangi. Fundi alisema programu inampa kila mtu rangi yake yenyewe, ili ionekane nani yuko wapi. Yangu ikawa kijani. Kwa wiki za kwanza nilifurahi kama mtoto. Nilikuwa naona kidoto cha zambarau kikitembea kwenye mistari, najua ni mwenzetu wa Bukavu, yuko hai, ana mtandao. Usiku fulani risasi ziliposikika upande wa Kirotshe, hakuna aliyethubutu kumpigia mwenzetu simu, lakini wote tulifungua tablo kutazama kama kidoto chake kipo. Kilikuwepo. Kilikaa mstari mmoja, hakikuandika kitu, kilikaa tu.

Pia kuna mahali pa kuandika pembeni bila kugusa jedwali lenyewe. Mhariri anapenda sana sehemu hiyo. "Umri huu ni wa mtoto au wa mama?" "Sake ipi, ya juu au ya barabarani?" Anakuita kwa jina lako, na simu yako inalia. Maswali yaliyokuwa yakizama kwenye grupu sasa yanabaki pale pembeni yakikutazama mpaka uyajibu.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mama huyu ni wa Kitchanga. Alikimbia vita mwaka 2023, akafika Bulengo na watoto wanne. Kambi ilipobomolewa hakuwa na nyumba ya kurudia, akaamua kuja Minova kwa dada yake. Walipofika Sake, kwenye umati, mtoto wake wa tatu, mvulana wa miaka tisa, hakuonekana tena. Alimtafuta siku mbili, watoto wengine wakalala nje, mwisho akaendelea na safari. Nadhani hakuna ambaye atamlaumu, ila yeye mwenyewe anajilaumu kila siku.

Nilimwandika mimi. Nakumbuka alivyokaa kwenye benchi ya mahali pa kushariji simu, akaniambia mtoto ana kovu juu ya nyusi ya kushoto.

Kati ya mwezi wa tano simu ikalia: tablo imebadilika. Nikafungua. Katika mstari wa mtoto wake kulikuwa kumeandikwa kwamba amepatikana, yuko Numbi, kwa familia fulani, namba ya simu hii hapa. Nilikimbia. Nasema nilikimbia, mtu wa umri wangu. Yule mama hakulia wala hakupiga vigelegele. Aliniuliza tu, "Mwandishi, umehakikisha?" Nikamwambia imeandikwa. Aliuza vitenge viwili, akapata pesa ya moto, akapanda kwenda Numbi. Mnaijua njia ile, kupita Kalungu na kupanda mlima kwenye matope, na baridi inayokungoja juu.

Alirudi kesho yake jioni. Alikuja moja kwa moja kwangu kabla ya kwenda kwa dada yake. Alisimama mlangoni akasema, "Ule mtoto nimemuona. Haiko wangu."

Kisha akaeleza. Familia ile ya Numbi ilikuwa imepigiwa simu na kuambiwa mama anakuja. Walimwogesha yule mtoto. Walimvika shati. Mtoto alikaa barabarani tangu asubuhi, na kila moto ikipanda anasimama. Yule mama aliposhuka, mtoto alimkimbilia hatua chache, halafu akasimama. Wakatazamana. "Sikujua nimwambie nini," aliniambia. "Nikampa mandazi niliyombebea wangu."

Mimi nilikosa la kusema. Nilimwomba msamaha, akasema, "Si wewe, ni simu zenu." Akaenda zake.

Usiku ule nilipanda kichuguuni nikafungua tablo na kuchukua mistari mitano ambayo niliiandika mwenyewe na kuikumbuka vizuri. Yote mitano ilikuwa mibovu. Mzee wa Ngungu alikuwa na umri wa miaka minne. Msichana wa Shasha alikuwa akitafutwa na mumewe. Majina yalikuwa yamejipanga vizuri kabisa, A, B, C, kama kwenye daftari la mwalimu, lakini umri, vijiji na namba za simu vilikuwa vya watu wengine. Mistari 300 na zaidi. Ni kama mtu aliyeingia usiku katika kambi nzima, akahamisha watu kutoka hema hadi hema, akaacha vyungu mahali pake.

Nilimpigia mhariri. Alinyamaza muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Hakuna tangazo kesho. Hakuna kesho kutwa. Mpaka tujue." Hizo ndizo siku tatu mlizotukosa.

Fundi akaeleza kilichotokea. Katika tablo kuna kitufe cha kupanga kwa alfabeti. Ukikigusa vizuri, mstari mzima unahama pamoja. Lakini ukichagua safu moja tu, safu ya majina peke yake, na kukubali bila kusoma swali linalokuja, basi majina yanahama na mengine yote yanabaki palepale. Kosa la kidole kimoja, nusu dakika. Na kwa kuwa tablo ni moja kwa wote, linaharibika kwa wote saa ileile. Ule uzuri niliousifu hapo juu ndio uliobeba uharibifu wetu hadi Burundi.

Nikauliza: ni nani? Fundi akasema hajui, lakini mashine inajua. Programu hizi huhifadhi historia. Kila kilichoandikwa, kila kilichofutwa, saa na dakika, na rangi ya aliyefanya, vyote vinawekwa. Unaweza kurudi kutazama jedwali lilivyokuwa wiki iliyopita. Tatizo ni kwamba kwenye simu zetu sehemu hiyo ya historia haikuwepo. Ilibidi kufungua tablo kwenye mashine, kwa kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Na aliyekuwa karibu na mji kuliko wote, fundi mwenyewe, mashine yake ilikuwa imeibwa mwezi wa kwanza.

Kwetu hapa kuna shule moja yenye mashine na sahani za jua. Nilikwenda kwa prefe wa shule, nikamweleza. Hakuniuliza mengi. Alisema, "Saa kumi batri inalala. Kaa." Nikaunganisha mtandao wa simu yangu, mega zote nilizokuwa nazo, nikafungua ukurasa. Ulichukua muda kama wa kupika viazi. Ulipofunguka, haukuwa kama nilivyouona mara ya mwisho nilipotumia mashine. Vitufe vilikuwa vimehama, na kwenye kona kiputo kidogo cha buluu kikaruka: Nouveauté! Nikakifunga, kikaja kingine. Kilitaka kunionyesha jinsi ya kumwomba msaidizi wa akili bandia aniandikie muhtasari wa jedwali. Nilitamani kumwuliza mtoto wa Kitchanga yuko wapi.

Sisemi hivyo kwa dharau. Najua kwamba kuna ofisi kubwa ambazo vitu hivi vinawapunguzia kazi. Lakini viputo vile vilikula mega zangu, na vilikuja mbele ya kile nilichokihitaji, ambacho kilikuwa kimefichwa ndani ya menyu ya pili, chini, bila kiputo chochote.

Nikakipata. Historia. Upande wa kulia ikashuka orodha ya siku na saa, na mbele ya kila saa, kidoto cha rangi.

Lazima nikiri hapa. Nilipokuwa nikienda shuleni, moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu mtu. Mwenzetu wa Kirotshe ni kijana, ana haraka, anaandika kwa kidole kimoja huku anaongea. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kumwambia, maneno ya kaka mkubwa, ya taratibu lakini ya kumkata.

Nilishuka siku baada ya siku. Jumatatu, yamevurugika. Jumapili, majina yamevurugika. Jumamosi, yamevurugika. Jumanne ya nyuma yake asubuhi, yako sawa. Jumanne usiku, saa tatu na dakika kumi na nne, safu nzima ya majina ilikuwa imepakwa rangi kuonyesha kwamba imebadilishwa yote mara moja.

Kijani.

Nikakumbuka. Jumanne ile nilikuwa nimekwenda Goma kwa mazishi, na usiku nikaomba mashine ya jamaa yangu nitafute majina yaliyojirudia. Niliyapanga kwa alfabeti ili yanayofanana yakae pamoja. Niliona yamejipanga, nikafurahi, nikafuta mawili yaliyojirudia, nikafunga mashine, nikalala. Siku sita nzima wenzangu waliendelea kuandika juu ya uharibifu wangu. Mwenzetu wa Lubero alipopata habari ya mtoto wa Numbi, alitafuta jina, akaandika mbele ya jina, kama inavyopasa. Alifanya kazi yake vizuri kabisa, na mstari ndio uliomdanganya.

Prefe aliingia akanikuta nimeinamia meza. Akadhani batri imekwisha.

Fundi alinielekeza kwa simu, nami nikifanya. Jambo la kwanza alilosema ni, "Usibonyeze kurudisha." Kwa sababu ukirudisha jedwali la Jumanne asubuhi, unapoteza kila kilichoandikwa kwa siku sita baadaye, na humo mlikuwa na majina mapya zaidi ya arobaini. Alisema nitengeneze nakala ya toleo la zamani kama jedwali la pili, niache la sasa lilivyo, halafu tukae na yote mawili ubavu kwa ubavu na kuhamisha majina mapya moja moja, kila mwandishi yale aliyoyaandika yeye, kwa kusoma daftari lake. Maana madaftari hatukuyaacha, namshukuru Mungu. Kazi hiyo ilichukua siku mbili na mega nyingi kuliko tulizokuwa nazo. Watu wa familia zetu walichangia.

Nikiwa humo ndani ya historia niliona jambo lingine, na hili ndilo lililotuogopesha kuliko majina kuhama. Mwezi wa nne baba mmoja alituomba tulifute jina lake na la mkewe. Alisema kuna watu wanamtafuta ambao si ndugu. Tulimfuta siku ileile, tukamhakikishia. Sasa nikitazama toleo la mwezi wa nne, namwona pale na kijiji chake na namba yake ya simu. Kufuta kwenye tablo kunaondoa jina machoni tu. Historia ile iliyotuokoa ilikuwa imemtunza baba yule kwa uaminifu.

Tukatazama pia nani anaweza kufungua. Tulipoanza, ili kurahisisha, tuliweka kwamba yeyote mwenye kiungo anaona. Na kiungo tulikiweka kwenye grupu. Grupu lile, mwezi wa tatu, lilikuwa na waandishi sita. Mwezi wa tano lilikuwa na watu zaidi ya themanini, wakiwemo ambao hakuna kati yetu aliyekumbuka nani aliwaingiza. Huku kwetu orodha ya majina na vijiji si karatasi ya kawaida. Mwenye silaha wa upande wowote anaweza kuitaka, kila mmoja kwa sababu zake. Sisi tuliomboleza daftari lililobaki Goma, kumbe tulikuwa tumeandika daftari jipya na kuliacha wazi barabarani.

Kwa hiyo mambo yamebadilika, na mna haki ya kujua yamebadilika vipi, kwa sababu ni majina yenu. Jedwali la zamani tulilifuta lote pamoja na historia yake, tukafungua jipya ambalo halina kumbukumbu ya waliojiondoa. Sasa ni mawili. La kwanza lina jina, umri na namba ya mstari, na waandishi wote wanaliona. La pili lina mahali mlipo na simu zenu, na linafunguliwa na watu wawili tu. Kiungo hakifungui tena kwa asiyeandikwa. Safu za majina zimefungwa: mwandishi anaongeza mstari mpya, lakini hawezi kuhamisha iliyopo. Anayetaka kupanga kwa alfabeti ana kitu kingine ambacho ningekijua zamani nisingewafikisha hapa, yaani mwonekano wake binafsi wa kuchuja, ambao unapanga kwa macho yake peke yake na kuwaachia wengine tablo lilivyo. Kipo humo kwa miaka. Hakuna kiputo kilichoniambia.

Na kabla ya kumwambia mtu yeyote "amepatikana", tunapiga simu pande zote mbili na kuuliza alama moja ambayo haiko kwenye tablo. Kovu, jina la utani, jina la mbuzi wa nyumbani. Hizo zinabaki kwenye daftari la karatasi, kwa mwandishi.

Kuna wanaoniuliza kwa nini tusitumie sauti, kwa vile wengi wenu hamuandiki. Tulifikiria. Mwishoni mwa 2024 WhatsApp ilitangaza kwamba simu itaweza kugeuza sauti kuwa maandishi, tukafurahi, lakini Kiswahili hakikuwa katika lugha za mwanzo, na sijui ni programu gani itakayosikia Kihunde cha bibi wa miaka themanini aliyepoteza meno. Mpaka hapo, sauti zenu tunazisikiliza sisi, kwa masikio haya.

Tulihesabu familia tulizozipa habari kati ya Jumanne ile na siku tulipofunga. Zilikuwa kumi na moja. Wenzangu hawakunitupia mzigo peke yangu, tuligawana kuzitafuta. Mwenzetu wa Kirotshe, yule niliyemhukumu, alitembea saa tatu kwa mguu hadi kwa bibi mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa bibi wa mtoto wa Numbi. Mtoto alishushwa wiki iliyofuata. Nilimwambia kijana huyo nilichokuwa nimemfikiria. Alicheka akasema hata yeye alikuwa na hakika kwamba ni mimi.

Mtoto wa Kitchanga alikuwa Sake. Hakuwahi kutoka Sake. Alipoachana na mama yake aliamua kukaa palepale alipompotelea, na mama mmoja muuza makala alimchukua. Jina lake lilikuwa limefika kwetu tangu mwezi wa nne, likiwa na herufi moja tofauti, na ndilo moja ya yale mawili niliyoyafuta usiku ule nikidhani yamejirudia. Historia ilinionyesha hilo pia. Mama yake alimfuata mwezi wa sita. Wanaishi hapa Minova, na akinileta mtu anayemtafuta ndugu, anasimama nyuma yangu mpaka nitoe daftari. Simu hataki hata kuiona.

Kati ya zile familia kumi na moja, mbili hatujazipata hadi leo. Moja ni ya baba aliyekuwa akitafuta mke na mtoto mchanga, alizungumza na sisi akiwa Bweremana. Nyingine ni ya dada wawili wa Ngungu wanaomtafuta kaka yao. Wote tuliwapa habari katika wiki ya pili ya mwezi wa tano 2025, na habari hiyo haikuwa yao. Kama ni wewe, au unawajua, usiende tena kule tulikokutuma. Njoo kwenye redio, au mwambie mwandishi wa eneo lako, tuanze upya.